Sikio la Farasi wa Tanga

Jumatatu, Novemba. Mvua ya mawe ya jana imeangusha maua yote ya jakaranda, na barabara yetu imelala chini ya zambarau, mpaka unaona haya kuikanyaga. Nimekaa barazani hapa mtaani Observatory, chai imeshapoa mkononi. Upepo ukipita kwenye miti ya kilimani unafanya ule mvumo, shwaa, unatulia, shwaa, na nikifumba macho nasema bahari hiyo.

Johannesburg hakuna bahari. Najua. Lakini leo naisikia.

Ngoja niandike wakati moyo bado uko hivi, maana nijuavyo mimi, kesho nitaanza kujihurumia.

Kwetu Tanga kuna bustani ya bembea pembeni kabisa mwa bahari, ya zamani kuliko mimi. Tunaiita Bustani ya Farasi, kwa sababu katikati pana mashine ya duara yenye farasi wa mbao. Mashine ikizunguka, farasi wanapanda na kushuka, taratibu, kama wanaogelea. Baba yangu alikuwa seremala wa wale farasi. Akiwachongea mikia mipya, akiwapaka rangi kila sikukuu ikikaribia, na nyumbani kwetu hata ugali ulinukia vanishi. Idi Pili ilikuwa ya watoto wa Kiislamu na nguo zao mpya, Krismasi ilikuwa yetu, ila kusema kweli sote tulikwenda zote mbili. Jua likizama na wenye tiketi wakiisha, baba alipuliza filimbi akasema, "Haya, wasio na tiketi!" Mwenye bustani, mzee wa Kihindi, ghafla alikuwa na kazi ya kupanga chenji kwenye droo. Haoni, hasikii.

Mpaka leo sijui peponi pakoje. Lakini nikiomba, ile filimbi huwa naisikia.

Sasa ile mashine ekseli yake, chuma kinachoizungusha, imekatika, na warithi wa yule mzee wamesema wamechoka. Isipotengenezwa ikifika Pasaka, vyuma vinakwenda skrepa na kiwanja kinauzwa. Ndipo watu wa Tanga wakaanza mchango, waliopo na tuliotawanyika. Wenzetu Waislamu wa huku walipika biriani wakaiuza Fordsburg baada ya swala ya Ijumaa, ikaisha kabla sahani hazijaisha. Sisi wa kanisani Yeoville tukasema tufanye lile tunalolijua: mnada.

Kwa asiyeujua mnada wa kanisani kwetu, ni hivi. Ibada ikiisha, tunatoka nje. Aliyeleta tray ya mayai, aliyeleta boga, aliyeleta jogoo, vyote vinanadiwa. Mtu ananunua boga, analipa, halafu anapaza sauti, "Narudisha!" Boga linarudi mezani, linauzwa tena. Boga moja linaweza kununuliwa na nusu ya kanisa. Na kama kitu ni cha kumbukumbu, pete ya mama au picha ya harusi, kila mtu anajua: kinanunuliwa, hakichukuliwi. Kikishazunguka, jioni mwenyewe anaondoka nacho. Hakuna aliyewahi kutufundisha. Ukikulia pale unajua tu.

Mimi nilipeleka sikio.

Ni sikio la mbao la farasi, la kushoto, saizi ya kiganja. Watoto walikuwa wanalishika kujizuia wasianguke, miaka na miaka, mpaka likalainika kama sabuni iliyotumika. Baba alipochonga jipya, hili la zamani akanipa mimi. Nilikuja nalo Afrika Kusini ndani ya soksi. Baba alipofariki sikuweza kwenda kumzika, makaratasi yangu yalikuwa bado, nikakaa kitandani na lile sikio kifuani siku nzima. Sina kitu kingine chake. Lakini nilijua kwenye mnada litarudi, kwa hiyo nilipeleka kwa moyo mweupe. Tena niseme ukweli: moyo mweupe ni rahisi ukijua kitu kitarudi.

Mnadishaji wetu ni Zakaria, mtu wa Muheza, fundi magari, mdomo wake haupigi breki.

"Sikio hili!" akalinyanyua juu. "Halijawahi kusikia umbea! Baba Neema, mkeo kila siku analalamika husikii. Chukua la akiba!"

Baba Neema ni Mrundi, mpole, tumeshamfundisha mnada wetu. Akajibu, "Mimi nasikia vizuri sana, Kaka Zakaria. Najifanya tu." Mkewe akampiga kofi la mgongoni, watu wakaangua kicheko, akatoa hela na kupaza sauti, "Narudisha!"

Likazunguka. Narudisha. Narudisha. Likapita mikono mingi, na mie nimekaa nalitazama linavyokwenda na kurudi, likaniwia kama liko tena kwenye ile mashine.

Sasa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Gogo Nomsa; kwa Kizulu gogo ni bibi. Bibi mzima, mjane, Mzulu, tangu nihamie hapa ndiye ananiletea limao na kunisemea kwa fundi bomba. Nilikuwa nimemkaribisha jana aje aone ibada yetu. Alivaa kofia yake ya manyoya japo kulikuwa na joto. Binti yangu Tumaini alikaa naye kumtafsiria. Tumaini amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia, ila kinywani hutoka Kizulu. Nikaona Gogo anamnong'oneza kitu, Tumaini anatikisa kichwa kukubali, Gogo anauliza tena, Tumaini anakubali tena.

Kisha Gogo akanyanyua mkono. Akataja hela, tena ya kushtua, hela ya mtu aliyeondoka nyumbani na akiba yake. Zakaria akapiga meza. Watu wakapiga vigelegele. Tukangoja aseme lirudi.

Gogo akalipokea sikio kwa mikono miwili. Akalifunga kwenye leso. Akalitia kwenye mkoba, akabana kifungo cha mkoba, tap. Akarudi kukaa.

Vigelegele vikafa.

Zakaria akanitazama. Nikatazama chini. Nani atamwambia mgeni, bibi wa watu, mbele ya kanisa zima, kwamba kitu alicholipia si chake? Zakaria akanadi boga. Wingu likafunga, mvua ya mawe ikaanza kugonga bati, na sote tukakimbilia ndani.

Jioni simu yangu haikupumzika. Zakaria alikuwa wa kwanza. "Dada, kosa langu, nilitakiwa nimweleze. Nimwendee? Turudishe hela yake, tupungukiwe tu, tutachanga tena."

Nikamwambia aache. Nitakwenda mwenyewe.

Naungama hapa: jana nilimchukia Gogo. Mwanamke aliyenilelea mwanangu nikiwa kazini. Nilipiga magoti kuomba na ombi likawa moja tu, kama la mtoto: Bwana, sikio langu, sikio langu. Nilifungua droo nikatazama pamba ambayo sikio lilikuwa linalalia. Pamba imebaki na umbo lake.

Asubuhi nikamwambia Tumaini anifundishe namna ya kuomba kwa adabu, Kizulu cha kwenda kwa mkubwa, si kile changu cha sokoni. Akanifundisha. Ngicela, Gogo, inaanza hivyo, yaani naomba, halafu inafuata habari ya sikio, na baba, na samahani nyingi. "Eish, Mama," akasema Tumaini, "usilie katikati tu, utaharibu." Nikapika vitumbua niwe na cha kushika mkononi. Njia yote nakariri. Njia yenyewe ni geti langu mpaka geti lake.

Gogo akafungua kabla sijabisha hodi. Nikaingia, nikaliona hapo hapo. Ameliweka dirishani, juu ya kitambaa cha kufuma, upande jua linapoingia. Sijawahi kuliona likiota jua hivi. Kwangu lilikaa gizani maisha yake yote.

Nikafungua kinywa. Yeye akanitangulia.

Gogo akiongea nami huenda polepole, anachanganya Kizulu na Kiingereza, nami nimemzoea. Akaniambia, alipokuwa mtoto mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa Wazungu wa Johannesburg, na sikukuu familia ile ikawachukua wote wawili mpaka Durban, baharini, ili Nomsa mdogo amwangalie mtoto wao. Ufukweni pale kulikuwa na bustani ya bembea. Palikuwa na farasi. Lakini pwani ile ilikuwa ya Wazungu, na watoto kama yeye waliruhusiwa kubeba vitu tu. Alisimama kwenye ukuta wa barabarani, amemshikia mtoto wa bosi kofia yake. Mtoto anazunguka, kila akipita anampungia mkono. Na yeye anapunga kofia.

"Nilishika kofia ile vizuri sana," akasema. "Haikupata hata mchanga."

Nikaweka vitumbua mezani.

"Jana," akaendelea, "yule mwanaume alipoinua sikio, nilimuuliza Tumaini: hao farasi wenu, nani alikuwa anapanda? Akasema watoto wote. Nikamwambia uliza vizuri, mntanami, mwanangu. Wote? Hata asiye na hela? Akasema, wote, Gogo, babu yangu alikuwa anapuliza filimbi."

Hicho ndicho alichokuwa ananong'ona.

Akalichukua sikio dirishani akaliweka mapajani. Akaniuliza lilikuwa la upande gani. La kushoto, nikamwambia. Akalihamishia mkono wa kushoto, akakaa wima kwenye kiti chake cha jikoni, kofia ya manyoya kichwani asubuhi ile, akafumba macho. Kisha akasema, kama anaona aibu kidogo: "Niambie inavyokwenda."

Na mie nikamwambia.

Nikamwambia kwanza kuna mtikisiko, halafu chuma kinaguna, halafu huamini kama umeondoka. Nikamwambia ukipanda unaona bahari yote, ukishuka unaona migongo ya watu na sinia la karanga. Upepo una chumvi, lamba midomo, utaionja. Nikamwambia kuna mwanaume pembeni ana rangi kwenye kucha na filimbi shingoni, anakutazama wewe tu usianguke. Kila ukizunguka yupo. Kila ukizunguka yupo. Maneno ya Kizulu yakaniishia, nikaendelea kwa Kiswahili, wala hakuniuliza. Alikuwa anayumba taratibu, mbele na nyuma, kidole gumba chake kinasugua pale pale vidole vyetu vilipokuwa vinasugua.

Birika likachemka likachemka, hakuna aliyelizima.

Alipofumbua macho akacheka, akafuta uso kwa leso ileile. Akasema ana kizunguzungu. Tukala vitumbua.

Ile sentensi ya Tumaini sikuisema. Ilikuwa imekamilika mdomoni, kila neno mahali pake. Nilipofika mlangoni nikasema ngiyabonga, asante, na Gogo akashangaa, akasema yeye ndiye wa kushukuru.

Zakaria amenipigia tena sasa hivi. "Umelipata?" Nimemwambia atume michango Tanga yote kama ilivyo, pamoja na ya Gogo, asirudishe hata senti. Kisha akasema, "Sharp, Dada," yaani sawa, kwa sauti ndogo, jambo geni kwake.

Hatujui kama mchango utatosha. Fundi wa Tanga anasema ekseli inapatikana, ila si rahisi. Pasaka iko mbele yetu. Naomba, na leo ombi langu halina sikio ndani yake. Naomba wale farasi wazunguke tena, kwa sababu Gogo ameniuliza kama mtu wa umri wake anaweza kupata pasi ya kusafiria, na nimemjibu ndiyo bila kufikiri.

Droo nimeiacha wazi. Pamba bado ina lile umbo la sikio, na kila nikipita mkono wangu unakwenda kulitafuta. Utaendelea kulitafuta mpaka lini, nani ajuaye? Lakini ukuta wetu ni mmoja, na nikiweka shavu hapa ukutani, nikatulia, na upepo ukatulia, namsikia jirani yangu akiimba jikoni kwake, polepole, kama mtu aliye juu ya kitu kinachopanda na kushuka.