Sarafu ya Kijivu

Jumanne, 4 Machi
Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakusanya sarafu amepiga simu. Maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo, na sarafu yangu ya kijivu itakaa meza ya mbele! Miaka tisa naitunza. Nyingine za aina yake zote zimevikwa shaba. Yenyewe ilitoka kiwandani chuma kitupu, kwa makosa. Ndivyo alivyoniambia baba mkwe. Alisema aliipata kwenye chenji, wiki tatu baada ya kumzika mume wangu. Sikuwa nakula wala kuongea. Akaniwekea sarafu na lenzi mezani, akaomba nimtazamie, eti macho yake yamechoka. Nikatazama. Sijaacha hadi leo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebaki maabara baada ya vipindi. Mizani ya shule inapima hata unywele. Nilitaka uzito wa kuandika kwenye kadi, basi. Nimepima mara tano. Nyepesi mno — kukosa shaba peke yake hakupunguzi hivyo. Nikashika lenzi. Kingo zimelika, herufi zimenywea kama za kwenye sabuni iliyotumika. Asidi. Mtu kaichovya, shaba ikatoka, chuma nacho kikaliwa.
Za wengine za namna hii nimezikataa kikundini bila huruma. Yangu sikuwahi kuipima. Au sikutaka?

Ijumaa, 7 Machi
Sitamwambia baba mkwe. Ana miaka themanini na mmoja. Alidanganywa, maskini, naye akanipa kwa moyo mweupe.

Jumapili, 9 Machi
Kwa baba mkwe. Wifi anafua uani. Nikasema siendi maonyesho, nikasingizia kazi. Mzee akauliza kama nimeipima. Kumdanganya mara ya pili, uso kwa uso, siwezi. Nikasema ndiyo.
"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Niliomba asidi kwa sonara. Niliiacha humo mpaka ikabadilika."
Akaendelea taratibu, akitazama mikono yake. Mwana alishamzika, akaona na mkwe anamponyoka. Alijua mimi mtu wa maabara, kitu nisichokielewa hakinipi usingizi. Basi akanitengenezea kimoja. Alikusudia kusema ukweli baada ya mwezi, lakini nikawa nimeanza kucheka, akaogopa.
Nimejaribu kukasirika nimeshindwa. Miaka tisa mtu kakaa na jambo hilo kifuani ili mimi nile! Ee Mungu, asante kwa mwongo huyu.
Wifi akaingia na beseni, akatukuta sote tunafuta kamasi, akauliza nani kafa. Tulicheka mpaka mzee akakohoa.

Alhamisi, 13 Machi
Kadi mpya: "Si kosa la kiwanda. Ilichovywa kwenye asidi. Haina daraja la ubora." Mwenyekiti hakupendezwa. Meza ya mbele ni ya makosa halisi, anasema. Nilete ile ambayo shaba yake imetoka malengelenge, na ile ambayo muhuri umekwenda upande. Nimemjibu nitaleta zote tatu. Akasema tutaonana huko huko ukumbini.
Baba mkwe naye anataka kuja. Shati lake nimelipiga pasi mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi
Naandika ukumbini, daftari juu ya magoti. Watu wengi kuliko mwaka jana. Mwenyekiti amepita mara mbili, amesoma kadi, hajaiondoa. Kijivu nimeiweka katikati, zile mbili pembeni; mzee yuko kitini kando yangu.
Mama mmoja, muuza miwani, ameinama hapa muda mrefu. Anajua kazi, nimemwona anavyoigeuzia taa. Ameuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini sarafu iliyoharibiwa imepewa nafasi ya sarafu nzuri. Wawili nyuma yake wamesogea wasikie. Mwenyekiti naye anakuja.
Jibu ninalo. Lakini si siri yangu peke yangu —
Baba ameniwekea mkono begani. Anajiinua kitini, kaniambia nikae tu. Anamwambia yule mama, "Nilikuwa na mwana mmoja wa kiume…"
Anavuta pumzi.