Lozi za Mtaa wa Wachana Sufu

Siku ya kwanza ya juma, 4 Eluli

Joto. Wino unakauka kalamuni kabla sijamaliza mstari.

Pinehasi kuhani amekuja mwenyewe — hakutuma mtu! Akakalia kigoda changu, mimi nikasimama chumbani kwangu kama mgeni. Mwanawe Yoezeri anamtaka Safira, binti wa Tamari, mjane mwenye nyumba hii ninayokaa. Habari hiyo Lodi nzima inaijua. Kijana anapita hapa kila siku akijifanya amepotea njia.

Lakini kuhani haoi hivi hivi. Wanataka majina ya mama: mama wa binti, mama wa mama yake, upande huu na upande ule, mpaka wa nne. Zamani ungepanda Yerusalemu ukafunuliwa vitabu vya koo, mambo yakaisha. Vitabu viliungua pamoja na Nyumba ya Bwana. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na tunaokoteza ukoo kwenye vichwa vya wazee.

Nimemuuliza: kuhani bila madhabahu anajilinda na nini? Hakukasirika. Akasema madhabahu itajengwa tena, ila damu ikishachafuka haisafishwi. Basi nimepewa kazi. Nitaiandika vizuri, kwa mwandiko wangu wa sherehe. Namtakia mema yule binti. Ndiye pekee anayecheka ndani ya nyumba hii.

Siku ya pili ya juma, 5 Eluli

Nitaandika polepole.

Nimemfuata Tamari uani, alikuwa akichagua dengu. Nikamwambia, "Haya Mama Safira, nitajie mama zako." Akataja bila kuinua macho. "Mimi Tamari. Mama yangu Hogla, mke wa Buni, mchana sufu wa Yerusalemu."

Wino ukadondoka. Doa kubwa kama zeituni, katikati ya hati.

Miaka kumi na moja nimekula kwake. Nilijua baba yake alitoka Yerusalemu, sawa, nani hakutoka Yerusalemu? Jina la baba sikuwahi kuuliza. Buni! Buni wa mtaa wetu!

Nilikuwa na miaka sita. Tuliitwa watoto wote wa mtaa wa wachana sufu, tukaambiwa njooni, kuna vitu vitamu. Ndugu zake Buni walitoka na mtungi, umejaa ngano ya kukaanga na lozi. Wakauvunja katikati ya njia, paa! Wakapaza sauti: tusikilizeni, ndugu yetu Buni ameoa mwanamke asiyejulikana baba yake, tunaogopa uzao wake usije ukachanganyika na wetu, chukueni, enyi watoto, iwe kumbukumbu kwa vizazi. Nasi tukajitupa chini. Nilipata lozi nyingi kuliko wote. Nikajikata kiganja kwa kigae. Kovu ninalo mpaka leo, linavuka kiganja chote.

Ndiyo kazi ya lozi zile. Wazee watakufa, watoto watabaki, na mtoto hasahau kitu kitamu.

Hogla ndiye mwanamke huyo. Bibi yake Safira. Na mtu asiyejulikana baba haingii kwenye ukoo safi, yeye wala watoto wake wala wajukuu. Si kuhani tu. Hata mchota maji mwenye ukoo wake hatamwoa Safira.

Tamari aliuliza, mbona umeacha kuandika? Nikasema kalamu imechakaa.

Siku ya tano ya juma, 8 Eluli

Pinehasi tena. Ameona hati, ameona doa, akanung'unika. Kisha: "Mzee Nehunia, si wewe mwenyewe ulikulia mtaa wa wachana sufu?"

Mdomo wangu mwenyewe ulimwambia hayo zamani. Wazee tunapiga soga mno.

Nikajitetea. Nilikuwa mtoto mdogo, nikasema, mtoto ana akili gani? Akafurahi! Akasema tena hiyo ndiyo bora. Mtu mzima anaaminiwa kwa alichokiona utotoni, kama ni jambo la ukoo na la mtungi. Naijua sheria hiyo, mimi ndiye huwaandikia wazee wa baraza hukumu zao. Basi nitasimama mbele ya wazee watatu siku ya tano ijayo. Mtaa ule hakubaki mwingine. Wengine wote walikufa kwa njaa mji ulipozingirwa, au kwa moto, au waliuzwa. Ametafuta Lodi na Yamnia, hakupata mtu.

"Sema tu kwamba hukuona mtungi," alisema, "tufunge harusi." Alidhani ananipa kazi nyepesi.

"Na nisipokuja?"

Akanitazama sana. "Mtu asiyekuja kusema hakuna, amesema kipo."

Siku ya sita, 9 Eluli. Kabla ya Sabato.

Safira ameniletea mkate. "Babu, unakonda! Unataka niolewe na wewe badala ya Yoezeri?"

Nikamwambia mimi sina jino la kutafunia karamu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza kama kweli naandika majina ya mama zake kwa mwandiko wa sherehe. Ndiyo, nikasema. Akasema anataka la bibi Hogla liwe kubwa, kwa kuwa hakuwahi kumwona.

Mkate sikuumaliza. Naona aibu.

Siku ya kwanza ya juma, 11 Eluli

Leo nimeelimishwa.

Zakai amekuja, ndugu mdogo wa Tamari. Yeye alijiunga na wale wa Yesu Mnazareti, wanaokusanyika kwa mtengeneza mahema kule mtaa wa chini. Wanakula meza moja, Myahudi, Myunani, mtumwa, yeyote. Tamari huwa hamruhusu kupita kizingiti. Walibishana mlangoni, nami nipo ndani, ukuta wenyewe wa udongo.

Zakai: mlete binti kwetu, kwetu hakuna anayeulizwa mama.

Tamari: "Wacha wee! Mbona mnamhesabia bwana wenu mababu mpaka kwa Daudi? Nimewasikia mkikariri, baba kwa baba kwa baba, hamchoki! Kumbe na ninyi mnahesabu."

Zakai akasema hata ndani ya orodha ile wamo wanawake ambao Pinehasi angewavunjia mtungi.

Mtungi! Mbona anataja mtungi?

Nikatoka. Nikamfuata mpaka kwenye kona ya mtini. Nikamuuliza, unajua nini wewe? Akanicheka, lakini si kwa furaha. "Mzee, dada hakukuambia? Kwani unadhani chumba ulikipata kwa bahati?"

Nilirudi chumbani peke yangu.

Nakumbuka siku niliyofika. Nilikuwa mifupa mitupu, nagonga milango, kila mtu ananifukuza. Tamari naye alikuwa anafunga mlango. Ndipo akaona kiganja changu. Hiki ni nini? Nikasema, kwa utani, nilijikata nikigombania lozi mtaani kwetu, mtaa wa wachana sufu. Akaufungua mlango tena. Kisha akasema kuna chumba nyuma, na chakula kipo.

Miaka kumi na moja ya dengu! Wale walinilisha siku moja nikumbuke. Huyu amenilisha miaka kumi na moja nisahau.

Nami nilidhani ananipenda kama kaka. Mjinga mimi. Mzee mjinga.

Siku ya tatu ya juma, 13 Eluli

Sikuwa nimesema neno tangu juzi. Leo aliweka bakuli, nikalisukuma.

"Umenipikia ili nisahau?" nikamuuliza.

Tamari hakujifanya haelewi, nampa hilo. Akaketi chini, mikono bado ina unga. Akasema ndiyo. Mwanzo ilikuwa hivyo. Mwaka wa kwanza kila nilipokula alinihesabia kila tonge, akiomba nife kabla Safira hajakua. Alisema hivyo hivyo, mbele yangu: nife! Mwaka wa pili nikaugua homa, nikawa karibu kufa kweli, na yeye akajikuta anamlilia Mungu nisife. "Tangu hapo nilipika kwa sababu una njaa. Uamini, usiamini."

Sikujua kama niamini. Sijui hata sasa.

Nikamwambia: unaniomba niseme uongo. Mimi ambaye jina langu liko chini ya kila hati ya mji huu. Hekalu hakuna, mji hakuna, mke wangu alikufa mikononi mwangu kwa kukosa mkate. Tulichobakiwa nacho ni kujua sisi ni nani. Nacho tukikisemea uongo, tumebaki na nini?

"Mmebaki na Safira," alisema.

Kisha akanishika kiganja, kile chenye kovu. Kwa nguvu, kama anayeshika kuku. Akauliza, siku ile, nani alikufunga mkono?

Sikumwelewa. Akasema mama yake alisimulia mara nyingi. Alikuwa amesimama mlangoni siku ya mtungi, anasikia yote wanayomtangaza. Watoto wanagombania. Mmoja akajikata, damu ikamwagika juu ya lozi, akawa analia na huku bado anaokota. Mama zao wote wametazama pembeni, hakuna anayetaka kukaribia mlango ule. Basi Hogla akatoka. Alichana ukosi wa vazi lake la harusi, akamfunga yule mtoto, akamwambia nyamaza baba, itapona. Kisha akarudi ndani.

"Humkumbuki?"

Simkumbuki! Nimekaa mpaka sasa najaribu. Naona mtungi, naona ndevu za yule aliyeuvunja, ningeweza kuhesabu lozi. Ngano ilikuwa na chumvi. Lakini yule mwanamke — hakuna. Kitambaa hakuna. Ningeapa mbele ya wazee wote kwamba hakuna mtu aliyetoka mlangoni. Ningeapa na ningekuwa nimekosea.

Au Tamari amenitungia. Hilo nalo linawezekana.

Siku ya nne ya juma, 14 Eluli

Pinehasi amenunua mtungi. Upo langoni kwake, nimeuona nikipita. Kama ushahidi ukiwa mbaya, watauvunja hapo hapo mbele ya baraza, Lodi nayo iwe na watoto wa kukumbuka. Mtu mwenye tahadhari!

Yoezeri amekaa kando ya mtungi huo, macho mekundu. Hakunisalimu.

Safira anashona. Hajaambiwa kitu.

Siku ya tano ya juma, 15 Eluli. Barazani.

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje, upande wa nyuma wa hati ile yenye doa. Wazee wako ndani na mtu mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Baada yake ni mimi.

Asubuhi Tamari hakuleta chakula. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja. Nilisubiri, kisha nikaenda jikoni mwenyewe. Moto haukuwashwa. Alikuwa ameketi mikono mapajani. "Leo sikulishi," alisema. "Nenda na tumbo tupu, Nehunia. Useme unachojua, kisitoke kwenye sufuria yangu." Hakuwahi kuniita jina langu bila mzee.

Nilitaka kusema kitu. Nikasema nitachelewa.

Safira amesimama ng'ambo na shungi lake la sherehe. Anadhani baada ya hapa kuna harusi. Amenipungia mkono.

Mtungi umeletwa. Mtumishi wa Pinehasi ameuegemeza ukutani, na watoto wanajua. Watoto hujua! Kama ishirini hivi, wamekaa kivulini, wanasukumana. Kuna mmoja wa kike, miaka sita, labda saba, amekuja mpaka hapa kwenye benchi. Ameshatandaza vazi lake mbele kwa mikono miwili, tayari kupokea.

"Babu, watavunja saa ngapi?"

Nimemuuliza kama anamjua Safira. Anamjua, ndiye humsuka. Nimemuuliza kama anajua mtungi ni wa nini. Wa lozi, amesema.

Mtu wa mpaka ametoka. Wameita jina langu.

Tumbo linanguruma, aibu tupu. Nimekifungua kiganja, nimekitazama, nimekifunga. Najaribu mara ya mwisho: mlango, mwanamke, kitambaa. Chumvi ya ngano tu.

Wameita tena.

Nimemwambia yule mtoto aende kwao, leo hakuna kitakachovunjwa. Nimeshtuka kujisikia nikisema hivyo, kwa sauti, kama mtu aliyekwisha kuapa. Mtoto amenitazama, akautazama mtungi. Hajaondoka. Vazi bado amelitandaza, na wameita mara ya tatu. Naingia na neno lile lile.