Supu ya Tambi ya Mzee Chen

Mpendwa Mama Mdogo,

Leo mvua imenyesha bila ngurumo, ile uliyokuwa ukisema inatembea kama mtu mwenye soksi ndani ya nyumba. Nimebandika sufuria kubwa, nimefunga madirisha, na mvuke umepanda mpaka vioo vimekuwa vyeupe. Mtaa wetu wote wa Cheyo umepotea. Wapita njia wanaonekana vivuli tu, wanaelea. Kwa muda kidogo nimeamini kwamba nikigeuka nitakukuta nyuma yangu na upawa wako, unaniambia, "Taratibu. Nyama haina haraka, wewe una haraka gani?"

Barua hii nimeiacha wazi, kila mtu aisome, kwa sababu simu yako haiiti tena. Labda yupo mtu, Taiwan au hata Dar es Salaam, anayekufahamu na atakusomea. Kama ndiye wewe unayesomewa, mwambie asome polepole, maana Kiswahili chako kilikaa masikioni kuliko machoni.

Unakumbuka siku ya kwanza? Majirani walikuwa wamekwisha kukubatiza Mama Mchina. Ulisimama mlangoni, kitambaa begani, ukawaeleza, "Mume wangu Mchina. Mimi wa Taiwan." Wakakuitikia kwa adabu zote, "Tumekuelewa, Mama Mchina." Mimi nilikuwa mdogo, nimejificha nyuma ya mama, aliyekuja kuomba kazi ya kuosha vyombo. Uliniinamia ukasema nikuite Ayi. Mama akauliza maana yake. Ulifikiri, ukajigusa kifua, ukasema, "Dada yake mama." Mama akacheka. "Basi huyo ni mama mdogo. Kabula, msalimie mama yako mdogo." Nilikuamkia kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu, lakini uliitika marahaba kana kwamba nimepiga kelele.

Mkahawa wenu haukuwa na kibao. Ulikuwa na viti vya plastiki, kalenda ya zamani yenye picha ya mlima, na harufu ya tangawizi iliyofika hadi njia panda. Vyakula vyenu vilipewa majina na Cheyo. Vile vinyama mlivyovifunga kwa unga vikaitwa sambusa za maji. Mayai mliyochemsha na majani ya chai yalichekwa kwanza, kisha yakawa kifungua kinywa cha mafundi wote wa baiskeli. Na mayai ya kukaanga na nyanya, wanawake waliyaonja wakatazamana. "Sasa hii si mboga yetu tu?" Ulifurahi siku ile kuliko siku uliyosifiwa supu.

Mzee Chen alikuja na wajenzi wa reli, akiwapikia kambini. Wenzake walipoondoka yeye alibaki. Mlikutana wapi nyinyi wawili, sijui hadi leo. Yeye alisema sokoni, wewe ulisema kituo cha basi kwenye mvua, na kila mmoja alimwonea huruma mwenzake kwa kusahau. Yeye alitaka tambi, wewe ulitaka wali. Yeye alitia siki kwenye kila kitu, wewe ukasema siki ni ya kusugulia sakafu. Mlichokubaliana ni asali. Mlipoonja asali ya misitu yetu mliacha kabisa kutia sukari kwenye nyama, na Mzee Chen alikuwa akinusa ule mchuzi akifumba macho, anakaa hivyo hadi wateja wanaanza kukohoa.

Nikiwaza nyinyi wawili, sikumbuki mambo makubwa. Nakumbuka mchana mmoja babu yangu alipofika kutoka Urambo kumwona binti yake anafanya kazi wapi. Mzee Chen alimketisha kwenye meza yake, akamjazia bakuli. Babu akala akamaliza, kwa sababu amefundishwa kwamba kubakiza chakula cha mwenyeji ni kumdharau. Mzee Chen akaona bakuli tupu, akalijaza, kwa sababu kwao bakuli tupu ni mgeni ambaye bado ana njaa. Babu akamaliza tena. Likajazwa tena. Wote wawili walikuwa wanatabasamu, na wote wawili walikuwa wanatoka jasho. Mwishowe Babu alilegeza mkanda, akamwinamia mama, akasema kwa Kinyamwezi kwamba mtu huyu anamuua kwa heshima.

Ulitoka jikoni mbio. "Babu, acha kidogo! Acha kidogo ndani!"

"Niache? Nimtukane mwenye nyumba mbele ya mkewe?"

Ulipowaeleza wote wawili, Mzee Chen alicheka mpaka akavua miwani. Jioni ile walikaa nje kama watu waliokua pamoja. Babu alimsimulia jinsi babu yake yeye alivyobeba mizigo kwa miguu hadi pwani na kurudi, akipitia hapa hapa. Mzee Chen akasema, "Mimi pia njia hiyo. Lakini mimi nilibebwa na gari." Babu akamjibu, "Ndiyo maana unakula kidogo." Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nikikunja sambusa za maji, na nilitamani jua lisizame.

Halafu mwaka jana, mvua zikiwa zinakaribia kwisha, Mzee Chen alilala baada ya chakula cha mchana, na hakuamka. Alikuwa amesema zamani kwamba asisafirishwe, kwa hiyo alizikwa hapa, pamoja na watu wengine wengi wa mbali. Mji huu umezoea kulaza wageni. Ardhi ilikuwa bado laini uliposikia kwamba mama yako mzazi ameanguka na hawezi kuinuka. Ulipaswa kwenda. Funguo ulimwachia mama, ukisema aendelee kupika, nyumba isipoe.

Mimi uliniita jikoni. Ulinishika mkono uliokuwa na unga. "Kwetu," ulisema, "mwezi wa nne watu wanakwenda kusafisha makaburi. Unang'oa majani, unaweka chakula, unamwita. Umwite kwa sauti, Kabula. Hapa ni mbali na kwao. Usipomwita atafikiri chakula cha mtu mwingine."

Nilitikisa kichwa. Unajua kwamba hivyo ndivyo ninavyosema ndiyo. Shuleni walimu walikuwa wakinitafuta kwa macho wakati wa kuita majina, kwa sababu "nipo" yangu haikufika mbele. Na wewe, kati ya watu wote uliowajua Tabora, ukanipa mimi kazi ya kuita.

Mwaka wote niliibeba kazi hiyo. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa nayo. Mwezi wa nne ulipokaribia nikamwambia mama.

Usimfikirie vibaya. Kila asubuhi anachemsha mayai ya chai kama ulivyomfundisha, na aproni ya Mzee Chen hajaruhusu mtu aivae. Lakini ni mwanakwaya wa Moravian, na alishtuka.

"Kung'oa majani sawa, nitakusaidia na jembe. Chakula cha kumpelekea marehemu, hapana. Na hilo la kumwita ndiyo usiniambie kabisa. Jumapili nitaimba na mdomo gani?"

"Niliahidi, mama."

"Uliahidi kwa kichwa. Kwa mdomo hukusema kitu."

"Mama mdogo ananijua kwa kichwa."

Akaendelea kukata vitunguu, na alikuwa anavikata vidogo mno. Nilijua ningeweza kwenda kwa siri. Makaburini si mbali. Lakini supu iliyofichwa chini ya khanga ingekuwa kama supu ya wizi, na Mzee Chen alikuwa mtu wa kuweka bakuli katikati ya meza. Siku zikawa zinapita. Nikawa naota nimesimama kwenye majani marefu, nafungua mdomo, na kinachotoka ni mvuke tu.

Ndipo Babu akaja kutazamwa macho hospitali ya Kitete. Wakati wa mazishi hakufika. Tumbaku yake ilikuwa bani, kwenye kibanda cha kukaushia, na moto wake hauachwi peke yake. Kwa hiyo safari hii, kabla ya kwenda hata hospitali, aliingia mkahawani, akavua kofia, akakaa kwenye ile meza.

"Shikamoo, baba," mama alisema. "Nikuletee chai?"

"Marahaba. Chai baadaye. Nimekuja kutoa pole. Nampa nani?"

Mama alibaki amesimama na kikombe. "Mkewe alisafiri, baba. Hakuna mwenye msiba hapa."

"Matanga yalianuliwa lini?"

"Hayakuanuliwa. Alikuwa na dharura ya mama yake."

"Kwa hiyo mmemwacha mtu nje mwaka mzima."

"Baba, yule hakuwa ndugu yetu."

"Wewe ulikula sahani ya nani miaka yote hii? Mtoto huyu alikulia jikoni kwa nani?" Babu hakupandisha sauti. Alimtazama tu kwa yale macho yake yenye ukungu. "Mwenye msiba ni wewe, Mama Kabula. Pole sana, mwanangu. Pole kwa kufiwa."

Mama Mdogo, laiti ungemwona. Mwaka mzima alikuwa amesimama katika msiba ule kama mfanyakazi, anapokea wageni, anaosha masufuria. Hakuna aliyekuwa amempa pole. Aliweka kikombe mezani, akakaa, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia matangani. Wateja waliacha kutafuna. Fundi mmoja alisimama akaja kumpa mkono, kisha mwingine.

Alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akaingia jikoni. Matanga bila chakula hayaanuliwi, hilo hata kwaya inajua. Alipika mwenyewe ile supu yenu ya tambi na nyama, hakuniruhusu hata kumenya tangawizi. Alisema jambo moja tu: "Tutakwenda kula sisi. Watu walio hai."

Tulipanda bajaji, Babu amepakata sufuria iliyofungwa khanga kama mtoto. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Makaburini majani yalifika kiunoni, vipepeo vidogo vyeupe vikiinuka kila tulipokanyaga, na mji ukawa mbali kama kitu unachokisikia ukiwa usingizini. Tuling'oa majani mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Kisha tukatandika mkeka, mama akaomba sala ya chakula, tukala. Supu ilikuwa bado ya moto.

Nilikuwa nimepakua bakuli moja zaidi, nimeliweka upande wa kichwa cha kaburi. Nilikuwa nangoja aniambie niliondoe. Mama alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akakung'uta khanga.

"Naenda kunawa kule bombani."

"Si umenawa sasa hivi," Babu alisema.

"Naenda kunawa," akarudia, na akaondoka bila kugeuka.

Babu alimtazama hadi alipofika mbali. "Haya. Umepewa nafasi. Mwite mtu wako."

Nilisimama.

"Mzee Chen," nikasema.

"Hata mimi sijasikia," Babu alisema, "na mimi niko huku juu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani kati ya mambo hayo mawili ndipo sauti ilipopata mlango. "Mzee Chen! Shikamoo!" Ikatoka kubwa, ikapita juu ya majani. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli ya mkaa akashusha mguu chini kututazama. Kwa mara ya kwanza sikujali nani ananitazama. "Njoo ule! Ni supu ya tambi, ni ya nyumbani kwako, Cheyo! Mama Mdogo yuko kwao anamuuguza mama yake! Ndiye aliyenituma! Hajakusahau!"

Kisha maneno yakaniishia. Mvuke wa lile bakuli ukawa unapanda moja kwa moja, maana hapakuwa na upepo.

Nilipogeuka, mama alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono inachuruzika maji, sijui tangu lini. Niliogopa. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi.

"Umemwambia chumvi nimepunguza?"

"Hapana, mama."

"Mwambie. Mwambie ni kwa sababu ya presha ya babu yako. Asije akafikiri nimesahau kupika."

Nikamwambia.

Sasa nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Mama amesema nikipelekwa mbali, mwaka ujao atakwenda yeye kung'oa majani, na supu ataipika. Kuhusu kumwita, amesema tutaona. Mimi sina wasiwasi. Nilichokuwa naogopa ni kwamba huko uliko unakaa kando ya kitanda cha mama yako, unajiuliza kama yule mtoto wa kutikisa kichwa aliweza. Niliweza, Mama Mdogo. Aliitwa kwa jina lake, mchana, na chakula kilikuwa chake.

Mpe mama yako pole kutoka kwetu sote. Huko giza limekwisha kuingia, huku mvua inaisha na vioo vinaanza kufunguka. Namwona fundi wa baiskeli anavuka barabara kuja kula. Kwa leo nakuaga hapa, nikampokee.

Mwanao wa jikoni,
Kabula