Waya wa Gari

Baba Signe,

Supu iko jikoni, ipashe. Usifungue trela kabla hujasoma hii mpaka mwisho.

Farasi wa Signe amekufa. Mtoto alipokwisha kwenda shule nilimkuta amelala zizini, tumbo limemvimba. Nikamsimamisha, nikamwingiza kwenye trela nimkimbize kwa daktari wa mifugo. Gari lako likaguna mara moja, likanyamaza. Usiku kucha halikuchomekwa kwenye umeme ili injini yake ya dizeli isigande, na baridi ya Dakota unaijua. Nilikwambia tununue la petroli, ukanicheka: “La petroli litavuta nini mlimani?” Mlima gani, Arlen? Huku kote ni tambarare!

Nikampigia Halvor jirani aje na kigari chake cha petroli. Alipofika, farasi alikuwa ameshakata roho.

~~Nani kachomoa waya wa gari kama si wewe, uchomeke mashine yako ya kuchomelea vyuma?~~

Hapo nimekata. Nimetoka kwenda kuangalia. Kwenye soketi ya gari kumechomekwa hita ya maji ya farasi, na chini kuna glavu nyekundu ya Signe. Hakutaka farasi wake anywe barafu.

Halvor ananipeleka shuleni nikamchukue. Hita nimeichomoa, waya wa gari nimeurudisha, glavu ninayo mfukoni. Akikuuliza, mwambie gari ni bovu, na wewe ndiye uliyeng’ang’ania dizeli.

Umelitetea miaka yote. Leo lisingizie.

Mama Signe