Kuhusu Shimo Jeupe na Baba Yako

Chumba cha juu, nyuma ya dobi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa binti yangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Macho yanastahimili hizo hesabu? Mimi mzima, ila magoti hayaelewani na ngazi, na mvuke wa pasi za dobi unanifuata hadi kitandani.

Sura ya tasnifu yako nimeisoma mara mbili. Mimi mpiga chapa mstaafu tu, lakini nadhani nimekuelewa. Nyota inajiporomokea, inakuwa shimo jeusi, inabanwa hadi chembe za nafasi yenyewe zinakataa kubanwa zaidi. Hapo inadunda, inakuwa shimo jeupe, linatapika kilichomezwa. Kwa aliye ndani ni kufumba na kufumbua. Kwa walio nje, mabilioni ya miaka. Nimependa ulivyokiri kwamba hakuna aliyewahi kuliona.

Nasikia nyumbani wanakuita Bi Mashimo. Waache wacheke.

Sasa maneno yako ya pembeni: "Baba Mkubwa, nawe utatoka tu." Na kwamba baba yako anaumwa, anataka tuonane kabla ya upasuaji.

Nilipokimbia kukamatwa, baba yako aliwaambia askari waliokuja kunitafuta kwamba nimekufa, na karakana yetu ya useremala ikabaki kwake. Unasema alilazimika. Mwaka wa kwanza alilazimika, nakubali. Miaka thelathini iliyofuata alinogewa, na anwani yangu anayo.

Mwezi jana nilipiga simu. Akapokea kaka yako.

"Nani mwenzangu?"

"Kaka yake baba yako."

"Mzee, umekosea namba. Huyo alikufa zamani, picha yake hii hapa ukutani."

Nikamwomba radhi kwa usumbufu.

Hesabu zako zinasema jambo ulilolipita haraka: atokaye hatokei siku aliyoingia. Anatokea mbele huko, ambako hakuna aliyemngoja. Wewe unaita kutoka. Mimi siwezi kuita kurudi.

Basi mwambie baba yako awaite wanawe na majirani, aseme kwa kinywa chake kwamba ndugu yake yu hai na siku zote alijua. Akisema, napanda basi siku hiyo hiyo. Asiposema, aingie chumba cha upasuaji bila ndugu, kama alivyochagua.

Nisalimie mama yako na bibi mzaa mama. Mungu akulinde, akupe wasomaji waadilifu.

Baba yako usimpe salamu zangu. Maiti haitumi salamu.

Akupendaye, na aliye hai,
Baba Mkubwa wako