Mlango Nyuma ya Okello

Jumapili, Kansanga

Bado nasikia miguu ya kile kiti ikikwaruza sakafu, wakati Okello alipokigeuza.

Tumerudi jioni hii kutoka Fort Portal. Kwa siku mbili nilimkokota kila mahali wanapokwenda wapenzi: kilima cha ikulu ya mfalme wao, maziwa ya volkeno, maporomoko. Hakulalamika. Lakini kila tulipokaa kula aliegemea ukuta, macho mlangoni, akimpima kila anayeingia. Najua, ni kazi ya polisi. Iliniuma hata hivyo. Shangazi anangoja nimwambie kama wazee wa Okello waje kujitambulisha, nami nilikuwa nikijiuliza kama nitaolewa na mtu asiyeweza kupumzika hata akiwa nami.

Leo asubuhi tulikunywa chai katika hoteli ndogo karibu na soko. Ukungu ukapanda, na milima yote ya Rwenzori ikajitokeza katika dirisha lililokuwa nyuma yake. Nikaitazama. Yeye akanitazama mimi. Kisha akainuka, akageuza kiti, akaketi kando yangu, mlango ukiwa mgongoni kwake.

“Afande, na mlango je?” nilimtania.

“Mlango ijilinde yenyewe. Mimi niko likizo.”

Akamega chapati yangu bila kuomba. Watu waliingia na kutoka nyuma yake, na kwa mara ya kwanza hakugeuka kuwapima.

Huenda kesho, akishavaa sare, atarudi kuwa vilevile. Huenda.

Nimeshampigia shangazi. Nimemwambia waje.