Mama Kamtokea Mkwewe

L'Esterre,
Carriacou,
9 Machi 2014.

Mpendwa mdogo wangu Alban,

Pokea salamu za nyumbani kabla sijaanza kusema yaliyonikaa kooni. Natumaini wewe na Matthias hamjambo huko Toronto, na kwamba kifua chako hakikusumbui sana na hiyo baridi. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia, ambalo hulijui kwa sababu lilianza kuuma baada ya wewe kuondoka. Huku ni kiangazi, mavuno yamekwisha, mifugo imefunguliwa izurure, na mbuzi wa watu wanakula kila nilichopanda.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza, tena kwa upole, na mtu akinikatiza kwa upole mimi hushindwa kugomba. Leo nataka kugomba mpaka mwisho.

Nina wivu, Alban. Nakuonea wivu wewe, na tangu ulipopiga simu mwezi uliopita namwonea wivu na mumeo, mtu ambaye sijawahi hata kumpa mkono.

Wivu wangu kwako ni wa zamani, umeshazoea kukaa nami. Ulipofaulu kwenda kusoma kule kisiwa kikubwa cha Grenada, Mama aliuza ng'ombe, na ng'ombe huyo ni mimi niliyekuwa nikimfunga asubuhi na kumfungua jioni. Uliporudi likizo ukiwa umeshakuwa mtu wa hesabu zisizo na namba, ulikaa barazani na uzi wa kushonea ukamwonyesha Mama jinsi mstari unavyoweza kujizungusha na kujizungusha bila kujikata. Ulipoondoka akaniambia ameelewa yote. Mama huyohuyo kila Jumamosi alikuwa ananituma mimi dukani kwa vile alikuwa hajiamini kuhesabu chenji.

Halafu ukazungumza redioni. Ukasema jina lako kamili, kijiji chako, na kwamba unampenda mwanamume mwenzako na hutaki kuishi kwa kujificha. Kisiwa kizima kilisikia, maana redio ilikuwa imewashwa hata kwa kinyozi. Jumapili yake mhubiri akakusema madhabahuni bila kukutaja, na Mama akasimama katikati ya mahubiri, akavaa kofia yake taratibu, akaifunga kwa pini, akatoka. Hakurudi pale mpaka mhubiri yule alipohamishwa. Mwaka uliofuata mimi nilifukuzwa kwaya kwa ugomvi ambao sikuuanzisha, nikaja nyumbani nalia, na Mama akasema, “Utakuwa umeanza wewe.”

Nikikumbuka hayo hata sasa nashindwa kula.

Na ile nyumba mliyofungua huko kwa vijana waliofukuzwa kwao, Mama aliisimulia kwa kila aliyepita njiani. Kila Krismasi alituma mbaazi kavu “kwa Alban na yule wake.” Nani alizimenya? Nani alizianika na kuwafukuza kuku? Mimi. Nani alimwogesha alipokuwa hawezi tena kuinuka? Sitasema, unajua.

Kwa hiyo alipofariki nilijiambia kuna jambo moja ambalo halitakuwa lako. Nilijiambia atakuja kwangu. Wafu wetu huja ndotoni kuomba jiwe lao la kaburi na karamu yake, na aliyetokewa ndiye anayelilowesha jiwe kwanza kwa ramu na maji, ndipo wengine wafuate. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba mwaka jana nililinunua jiwe mapema, likachongwa jina, nikaliweka nyuma ya jiko na kulifunika gunia. Sikukwambia. Nilitaka nikupigie simu siku moja niseme, Mama amekuja, njoo. Nikawa nalala mapema kila siku, na kula chakula chepesi cha usiku, ili ndoto zisivurugike.

Ndipo wewe ukanipigia. Ukasema Matthias amemwota mwanamke mfupi mwenye kofia iliyofungwa kwa pini, amesimama mlangoni kwenu, kiatu kimoja mkononi, analalamika kwamba kuku wanamnyea. Ukauliza ina maana gani.

Nilikata simu, ukadhani ni mtandao. Nilikwenda nyuma ya jiko nikafunua gunia. Kuku walikuwa wamelala juu yake mwezi mzima, Alban, na mavi yao yalikuwa yameingia hadi ndani ya herufi za jina lake. Niliosha jiwe lile kwa brashi na sabuni, huku nikimsema Mama kwa maneno ambayo sikuwahi kumwambia akiwa hai. Amevuka bahari yote hiyo kumwendea Matthias, fundi vinanda ambaye hajui hata mbaazi huchemka kwa muda gani, akaniruka mimi niliye hatua chache kutoka kwenye jiwe lenyewe.

Sasa nifike kwenye simu yako ya Jumapili. Ulisema tuseme umeota wewe. Ulisema Matthias abaki kwenye nyumba ya wageni kule mjini Hillsborough siku ya karamu, au aje kama rafiki, ili mimi nisipate taabu na majirani utakapokuwa umeshapanda ndege. Ulisema unanifikiria mimi. Nakushukuru kwa kunifikiria, na sitaki.

Wewe uliyeiambia redio jina lako, utakuja kujificha kwenye kaburi la Mama? Isitoshe, nimerukwa, na kuna siku nalia kwa ajili ya hilo, lakini kama nimerukwa basi nirukwe kwa ukweli. Sitasimama pale kukuona unapewa glasi ya kwanza ambayo si yako. Ng'ombe alikuwa wako, kofia ilikuwa yako. Ndoto hii ni ya Matthias.

Kwa hiyo nimeshasema. Alhamisi wanawake walikuja uani kwangu kumenya mbaazi na kugawana kazi za upishi. Shangazi Ismay, ambaye bado ndiye mkuu wa masufuria katika kila karamu hapa, aliuliza bila kuinua kichwa, “Haya, mamako Eutrice kamtokea nani?”

“Mkwewe,” nikasema.

“Mkwe gani? Mumeo si tulimzika?”

“Mume wa Alban.”

Merle wa kule kilimani aliweka bakuli lake chini, akajikung'uta maganda kwenye gauni. “Mimi kwa karamu hiyo sishiki mwiko,” akasema, akaondoka zake. Mimi nikaendelea kumenya.

Shangazi Ismay alivuta bakuli la Merle, akamimina mbaazi zake kwenye lake mwenyewe. “Na Eutrice alisema nini huko kwa Wazungu?”

“Kwamba kuku wanamnyea.”

Alicheka mpaka akashika mbavu, na wengine wakacheka. “Basi ni yeye,” akasema. “Huyo ni Eutrice mtupu.” Kisha akanitazama. “Na wewe, Dosia, hujaota kitu?”

Nikamwambia sijaota. Akaniambia, “Utaota wapi, mwanangu, na wewe unalala kama gunia la saruji. Kaja, kagonga, kachoka kungoja, kaenda kwa jirani.”

Nikamwuliza tangu lini Toronto ni jirani. Walicheka tena, mimi sikucheka. Lakini waliobaki walimaliza mbaazi zote, na wapiga ngoma wametuma ujumbe kwamba watakuja, mradi ramu isiwe ya kuchanganywa na maji.

Karamu itakuwa Jumamosi baada ya Pasaka. Njooni mapema, nyote wawili, na mtalala hapa nyumbani kwenye kitanda cha Mama. Jiwe nimeshaliingiza ndani. Mwandae Matthias: atapewa glasi ya ramu na glasi ya maji, alimiminie jiwe kidogo kidogo, asitoe hotuba. Amwite Mama. Najua nitaumia nikilisikia neno hilo kinywani mwake, amwite tu. Kisha nitafuata mimi, kisha wewe, na usijaribu kunipisha mbele. Chakula cha wafu kitapikwa bila chumvi kama kawaida, basi asije akadhani mimi sijui kupika.

Merle anaweza asije, na nadhani hatakuwa peke yake. Nitakutana nao dukani na kanisani mtakapokuwa mmeshaondoka. Hilo niachie mimi, ni la kwangu.

Binamu Leopold anakusalimu, na Gloria, na mapacha wa Shangazi Ismay ambao sasa wana ndevu. Nisalimie vijana wote wa ile nyumba yenu, wale ambao mama zao hawakuvaa kofia wakatoka. Mungu awafunike safarini na awafikishe hapa mkiwa na nyuso mlizoondoka nazo.

Neno la mwisho ni la Matthias. Msomee polepole, na usilipambe. Mwambie simchukii. Mwambie Mama akimjia tena kabla ya Pasaka, asiogope wala asiamke haraka. Amkaribishe kiti, amwache avae kiatu chake, na akishatulia amwulize kwa niaba yangu kama hana neno lolote kwa Dosia. Hata kama ni la kunigombeza, aniletee.

Mimi dadako akupendaye na wivu wake wote,
Theodosia.